Siasa, kujumuisha na kutengana kwenye michezo ya mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huzuka kila kundi la michezo linapoanza kukua: mtu kavaa fulana yenye maneno, mtu katania vibaya, mtu kaacha kuja na hakuna ajuaye kwa nini. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayovunja makundi. Swali moja likigusa jingine, utaelekezwa kwa namba.

## Mambo ya msingi

1. Michezo gani inazungumziwa hapa?

Ni ile inayokalisha watu kwenye meza moja: sataranji, drafti, bao, Scrabble, michezo ya kadi kama Magic: The Gathering, michezo ya ubao, michezo ya vita yenye vinyago vilivyopakwa rangi kwa mkono, na michezo ya kuigiza wahusika kama Dungeons & Dragons (D&D). Katika hii ya mwisho mtu mmoja, ambaye hapa tutamwita mwongozaji, husimulia hali, na wengine huamua wahusika wao wafanye nini. Ndiyo yenye mizozo mingi zaidi, maana humo watu hutamka kwa vinywa vyao maneno ya mtu wa kubuni, na mpaka kati ya hao wawili huweza kuwa mwembamba.

2. Si ni mchezo tu? Siasa zimeingilia wapi?

Zilikuwemo tangu sanduku linafungwa kiwandani. Mwaka 1904 Elizabeth Magie wa Marekani alipewa hataza ya mchezo alioubuni kuonyesha jinsi kodi ya pango inavyomnenepesha mwenye ardhi na kumkausha mpangaji. Aliuita The Landlord's Game. Ndio uliozaa Monopoly, ambayo Parker Brothers walianza kuiuza mwaka 1935, somo likiwa limegeuzwa juu chini: sasa anayewafilisi wenzake ndiye anayepigiwa makofi. Karibu na mwaka 1908, wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura Uingereza walikuwa na mchezo wao, Suffragetto. Upande mmoja ni wanawake wanaotaka kuingia Bungeni huku wakilinda ukumbi wa Albert Hall, upande wa pili ni polisi.

Mtu akikuambia meza yake haina siasa, mara nyingi ana maana kwamba siasa zilizopo pale hazimgusi yeye.

3. Lakini wacheza michezo hii si walikuwa ndio wanaotengwa?

Ni kweli, na jambo hilo linaeleza mengi. Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974, na kufikia miaka ya 1980 Marekani ilikuwa imeingiwa na hofu kwamba mchezo huo unawafundisha vijana uchawi na kuabudu shetani. Mwaka 1983 Patricia Pulling, mama aliyekuwa amefiwa na mwanawe kwa kujiua, alianzisha kundi la kuupinga lililoitwa BADD. Wazazi walichoma vitabu, shule zikafunga vilabu. Kampuni ya TSR, iliyouchapisha mchezo huo, nayo iliona joto: toleo la pili la mwaka 1989 liliwaondoa mashetani na majini kwa majina yao na kuwapa majina ya kubuni.

Kizazi kilichopita humo kilijijenga kama watu waliokataliwa. Na aliyewahi kukataliwa huona vigumu kuamini kwamba naye anaweza kumkataa mwingine. "Sisi tulionewa, tungemwoneaje mtu?" Nimelisikia hilo likisemwa kwa uchungu wa kweli na mtu ambaye, dakika kumi kabla, alikuwa akimhoji msichana mgeni majina ya wahusika wa toleo la kwanza ili athibitishe kwamba "anaupenda kweli" mchezo.

4. Kwa hiyo kujumuisha maana yake kila mtu akubaliwe, afanye analotaka?

Hapana. Maana yake mtu asizuiwe kukaa mezani kwa sababu ya alivyo: rangi, jinsia, dini, ulemavu, kabila, umri, lafudhi. Anachofanya akishakaa ni suala jingine kabisa. Kundi linalochanganya mambo haya mawili huishia kumvumilia mnyanyasaji kwa jina la ukarimu.

5. Kundi letu halijawahi kumfukuza mtu hata mmoja. Si dalili nzuri?

Inaweza kuwa. Kabla ya kujipongeza, hesabu walioacha kuja.

Mtu anayebughudhiwa mara nyingi hashitaki. Anasema ana kazi nyingi wiki hii, wiki ijayo anasema ana mgeni, wiki ya tatu hasemi kitu. Hakuna kikao kilichokaa wala barua iliyoandikwa, na jina lake limefutika kwenye orodha ya wachezaji kama limeoshwa na mvua. Huyo naye amefukuzwa. Tofauti ni kwamba aliyemfukuza hakulazimika kueleza sababu, na ninyi wengine hamkulazimika kupiga kura.

Ndiyo maana swali la "je, tuwe na ujasiri wa kumwondoa mtu?" huwa limekaa upande. Kuondoka kwa watu kunatokea kila siku. Mnachoweza kuchagua ni nani aondoke, na kwa utaratibu gani. Kundi lenye watu kumi na wawili wanaofanana umri, jinsia na utani kwa miaka mingi halikupata sura hiyo kwa bahati.

Njia rahisi ya kujipima: wapigieni simu watatu walioacha kuja, muwaulize sababu, kisha mnyamaze na kusikiliza. Anayepiga asiwe mwanzilishi wa kundi, maana kwake watasema walibanwa na kazi.

## Siasa ndani ya sanduku

6. Nikicheza upande wa mkoloni au jeshi la Hitler, nimeunga mkono?

La. Mchezo wa vita vya kihistoria hauwezi kuwa na upande mmoja, na wapo wanaojifunza mengi kwa kuona vita kutoka kwenye kiti cha adui. Swali la maana zaidi ni mchezo wenyewe unafumbia macho nini. Katika Puerto Rico ya mwaka 2002, wachezaji huendesha mashamba ya miwa na tumbaku, na vibao vidogo vya duara vya rangi ya kahawia hushushwa melini kuja kufanya kazi. Sheria zinaviita wakoloni. Mtu yeyote anayejua kidogo historia ya Karibi anajua walioshushwa kwenye meli zile ni akina nani. Toleo jipya lililotoka mwaka 2022 limehamishiwa mwaka 1897, baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo, na wachezaji ni wakulima wa Puerto Rico wenyewe.

Five Tribes ya mwaka 2014 ilikuwa na kadi za watumwa kama bidhaa, na katika matoleo ya baadaye zikawa kadi za mafakiri. Mwaka 2019 GMT Games, kampuni inayoheshimika kwa michezo ya historia, ilifuta mchezo wa kugombania Afrika kabla haujachapishwa, kwa sababu ulikuwa ukiufanya uvamizi uonekane kama safari ya kusisimua ya kuvumbua nchi. Wengine walilalamika kwamba historia inafichwa. Mimi naona historia ilikuwa imefichwa tayari: bara lenye watu mamilioni lilikuwa ubao mtupu unaongoja mwenye dadu.

Na inawezekana kufanya vizuri. Spirit Island ya mwaka 2017 inawapa wachezaji nafasi ya mizimu ya kisiwa inayowatimua walowezi pamoja na wenyeji, na ni mgumu na mtamu kuliko mingi iliyotangulia. Mezani kwenu inatosha kusema kabla ya kuanza: "Mchezo huu unahusu jambo fulani, nani hataki?" Asiyetaka asiulizwe sababu.

7. Kwa nini watengenezaji wa Magic na D&D walifuta kadi na kubadilisha maneno?

Juni 2020 kampuni ya Wizards of the Coast ilipiga marufuku kadi 7 za zamani za Magic kwa sababu ya ubaguzi wa rangi au wa kitamaduni. Iliyozungumziwa zaidi ni Invoke Prejudice ya mwaka 1994: mchoro wa watu waliovaa kofia ndefu zilizochongoka, mithili ya Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi weupe wa Marekani, mbele yao mmoja ameshika shoka. Kwenye hifadhidata ya kampuni yenyewe kadi hiyo ilikuwa na namba 1488. Kwa wasiojua, 14 ni idadi ya maneno katika kauli mbiu ya wabaguzi weupe, na 88 husimama badala ya herufi ya nane, H, mara mbili: "Heil Hitler". Kadi ilikaa hivyo kwa miaka.

Upande wa D&D, lawama ilihusu jamii nzima za viumbe, kama orki, kuelezwa kuwa waovu na wenye akili ndogo kwa kuzaliwa, kwa lugha iliyofanana mno na jinsi watu wa kweli walivyowahi kuelezwa. Kampuni ilikiri hilo mwaka 2020. Miaka miwili baadaye ikachapisha habari za hadozee, viumbe mfano wa nyani waliofanywa watumwa na kupewa akili na mchawi, na Septemba 2022 ikalazimika kuomba radhi na kufuta maelezo hayo. Katika vitabu vya mwaka 2024 wahusika wanapangwa kwa spishi badala ya neno la zamani lililotumika pia kutaja rangi za watu.

8. Hawafanyi hivyo kwa sababu ya pesa tu?

Pesa ni sehemu. Wizards iko chini ya Hasbro tangu 1999, na Hasbro si shirika la hisani. Ila aliyekuwa akitukanwa na kadi hajali sana nia ya aliyeifuta.

9. Na Scrabble? Neno ni neno, lina alama zake.

Mwaka 2020 chama cha wachezaji cha Amerika Kaskazini kilikubali kuondoa zaidi ya matusi 200 ya kibaguzi kwenye orodha yake ya maneno halali. Mabingwa wengi walipinga, wakisema ubaoni maana ya neno haina kazi, kinachohesabiwa ni herufi. Hoja hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Lakini wenye hoja hiyo mara nyingi si wale wanaokaa mkabala na tusi lenye jina lao na kutakiwa kuandika alama za mpinzani kwenye karatasi. Mkuki kwa nguruwe.

## Siasa za wachezaji

10. Tuwe na sheria ya "hakuna siasa mezani"?

Inavutia kwa sababu ni fupi, na kwa wiki chache hufanya kazi. Shida huanza pale inapobidi kuamua siasa ni nini. Ubishi juu ya uchaguzi ni siasa, hapo wote wanakubali. Je, mwanaume akimtaja mkewe? Hakuna atakayegeuka. Mwanaume akimtaja mwanaume mwenzake anayeishi naye? Ghafla kuna anayesema tusilete siasa. Mtu akieleza kwa nini hakuja wiki iliyopita, na sababu ni kwamba polisi walimsimamisha njiani, ameleta siasa au ameeleza siku yake?

Sheria isiyo na mipaka humwangukia yule ambaye maisha yake yenyewe yanabishaniwa. Andikeni kitu kinachopimika: hatufanyi kampeni ya chama wala mgombea wakati wa mchezo, hatumbishii mtu haki yake ya kuwepo, mtu akisema "tubadilishe mada", mada inabadilika bila kujadiliwa. Hiyo ya tatu ikifuatwa, mbili za kwanza hazitajwi mara nyingi.

11. Mchezaji amekuja na fulana ya chama. Na akija na alama ya chuki?

Fulana ya chama halali cha siasa, au beji ya upinde wa mvua, au msalaba, au hijabu: mwache acheze. Kutopenda anachoamini mtu si kuumizwa naye.

Alama ya chuki ni kitu kingine, kwa sababu inawaambia baadhi ya waliopo kwamba mvaaji angependa wasiwepo duniani. Mwaka 2021 mchezaji alifika kwenye mashindano ya Warhammer, mchezo wa vita wa vinyago, nchini Hispania akiwa amevaa alama za Kinazi na waandaaji hawakumtoa. Novemba mwaka huo Games Workshop, wenye mchezo, walitoa tamko kwamba dola katili la kwenye hadithi yao ni kejeli na onyo, na kwamba atakayefika kwenye matukio yao na alama za makundi ya chuki ya dunia halisi ataombwa aondoke. Nchini Ujerumani jambo hili limeandikwa katika sheria ya jinai, kifungu cha 86a, ikiacha nafasi kwa sanaa, sayansi na elimu.

Tatizo la kila siku ni alama zisizojulikana na wengi, kama namba iliyotajwa katika swali la 7. Mtu mmoja anaiona na kupauka, wengine wanaona tarakimu tu. Mwaminini anayepauka kiasi cha kumuuliza mvaaji faraghani. Mtu aliyezaliwa mwaka 1988 ataeleza kwa sekunde tano na kucheka. Mwingine ataanza hotuba.

12. "Nilikuwa natania." "Mhusika wangu ndiye mbaguzi, si mimi."

Utani una wawili, mtaniaji na mtaniwa, na wa pili ana kura. Watu waliozoeana wanaweza kutukanana vizuri sana bila madhara, na mgeni akaja, akaiga, akaharibu. Hilo husameheka kwa neno moja.

Kuhusu mhusika: ni wewe uliyemchagua. Kucheza jambazi, mtawala katili au mnafiki ni sehemu ya raha ya mchezo. Angalia tu ukatili unaelekea wapi. Ukielekea kwa wahusika wa kubuni, na kila mtu mezani anafurahi, endeleeni. Ila kuna yule ambaye wahusika wake wote, mchezo baada ya mchezo, humdharau mhusika wa mchezaji mmoja yule yule, dada pekee aliyepo mezani. Hapo hakuna mhusika.

13. Kuna vifaa vya kuzuia mambo yasifike huko?

Vipo vitatu vinavyotumika sana. Kwanza, kikao cha maandalizi kabla ya hadithi kuanza, ambapo watu husema wanachotaka na wasichotaka. Pili, mistari na mapazia, wazo la Ron Edwards: kilicho nyuma ya mstari hakitokei kabisa kwenye hadithi, kilicho nyuma ya pazia kinatokea bila kusimuliwa. Tatu, kadi ya X ya John Stavropoulos: kadi yenye herufi hiyo huwekwa katikati ya meza, na mtu akiigusa, tukio linakatwa papo hapo bila maelezo. Mwaka 2019 Monte Cook Games walitoa bure kijitabu chenye fomu ya kutiki mada moja moja.

Wapo wanaocheka vifaa hivi. Ni kweli kwamba havimzuii mtu mwenye nia mbaya, na hilo si kusudi lake. Kazi yake ni kwa watu wema wasiojuana: nani angejua kwamba aliye upande wa pili wa meza amezika mtoto mwezi uliopita?

## Kufungua mlango

14. Wanawake huja mara moja na hawarudi. Tunakosea wapi?

Kaa kando na utazame jioni moja. Mgeni anaketi. Anayefundisha sheria anazungumza huku akimwangalia mwanaume aliyekuja naye. Zamu yake inafika, anafikiri, na mkono wa mtu mwingine unapita juu ya ubao na kusogeza kete yake, "tusipoteze muda". Akishinda, kadi zilimpendelea. Akishindwa anaambiwa asijali, atajifunza, ingawa hakuna aliyemuuliza amecheza miaka mingapi. Baadaye kuna anayeomba namba yake ya simu, na baada ya huyo wa pili.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ila huyu kafungwa kamba ambayo wageni wanaume hawafungwi. Sheria moja inaponya nusu ya hayo: hakuna anayegusa kete au kadi za mwingine bila kuombwa. Ya pili: mwenyeji mmoja kila jioni hachezi mchezo mrefu, kazi yake ni wageni.

15. Na wachezaji wenye ulemavu?

Anzeni na ukumbi, kwa sababu ngazi zikimshinda mtu hakuna sheria nzuri itakayomfaa. Halafu rangi: miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mwanaume 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani, na huenda yupo mezani kwenu anayeficha. Vibandiko vyenye maumbo juu ya kete humaliza kazi hiyo kwa robo saa.

Sataranji ilitatua mengi zamani. Mchezaji asiyeona hutumia ubao ambao miraba myeusi imeinuka kidogo na kila mraba una tundu, kete zina vijiti vya kuchomeka, na kete za rangi moja zina alama ya kupapasa. Kila mwendo hutamkwa kwa sauti. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, zinayaeleza haya yote, na mpinzani hapewi nafasi ya kulalamika kwamba kete zinaguswaguswa.

16. Meza ya wanawake peke yao si ubaguzi pia?

Inategemea inafunga nini. Kama milango mingine yote iko wazi, meza hiyo ni mahali pa kupumulia na kujifunzia. Kama ndiyo meza pekee wanayoruhusiwa, huo ni uzio. Mcheza sataranji Judit Polgár alikwepa mashindano ya wanawake, akacheza na kila mtu, na mwaka 2005 akafika namba 8 duniani. Wengine wamekulia kwenye mashindano ya wanawake na kusema bila hayo wangeacha. Wote wana haki.

Agosti 2023 FIDE ilitangaza kwamba wanawake waliobadili jinsia hawatakuwa na haki ya kucheza kwenye matukio ya wanawake hadi uamuzi zaidi, ambao ungeweza kuchukua hata miaka 2. Wengi waliuliza, katika mchezo wa kufikiri, kinacholindwa ni faida gani ya mwili? Jibu halikuwa wazi, nami sijaliona hadi leo. Kundi la mtaani halina sababu ya kuiga hilo.

## Kumwondoa mtu

17. Lini aonywe, lini aondoke siku hiyo hiyo?

Kumshika mtu bila ridhaa, kutishia, kumfuata mtu nyumbani, kumtukana kwa rangi au dini makusudi: anaondoka leo, maelezo baadaye. Mengine yote (kubisha kupita kiasi, utani mbovu, kudhibiti zamu za wenzake) huanza na mtu mmoja kumwambia pembeni, kwa maneno ya wazi: "Ulimwambia fulani hivi. Usirudie." Mtu mzima huaibika na kubadilika. Onyo la pili huandikwa, na la tatu halipo.

Makundi mengi hukosea kinyume: humvumilia wa kwanza kwa sababu ni mchezaji hodari, na kumfukuza mbishi kwa sababu anachosha.

18. Nani aamue, na wengine waambiwe nini?

Watu watatu, mmoja wao asiwe rafiki wa upande wowote. Kura ya kundi zima ni kosa, inageuza malalamiko ya mtu kuwa mashindano ya umaarufu. Wengine waambiwe uamuzi na kanuni iliyovunjwa. Jina la aliyelalamika halitajwi, hata kama kila mtu analikisia.

19. Mkosaji ndiye mwanzilishi, na ukumbi ni wake.

Basi pengine mtaondoka ninyi. Ni afadhali kulijua mapema kuliko kuandika kanuni zisizoweza kumfikia mtu mmoja. Nimeona kundi likihama hivyo, usiku mmoja, na sanduku mbili za michezo. Lilidumu kuliko lililobaki.

20. Kumwondoa mtu kwa maneno yake si kumnyima uhuru wa kusema?

Uhuru wa kusema unamlinda dhidi ya dola. Haumpi kiti kwenye meza ya watu wengine. Hata hivyo jibu hilo lisitumike ovyo, maana shirika likiwa kubwa kiasi cha kushika mlango pekee wa kazi ya mtu, uamuzi wake unakaribia kuwa wa dola. Machi 2022 tume ya maadili ya FIDE ilimfungia Sergey Karjakin, mcheza sataranji wa Urusi, miezi 6 kwa kauli zake za kuunga mkono uvamizi wa Ukraine. Siku hiyo hiyo Sergey Shipov, aliyeshtakiwa kwa kosa la aina hiyo, alionekana hana hatia: jina lake halikuwa kubwa hivyo, na maneno yake hayakuwa na uchokozi uleule. Unaweza kutokubaliana na hukumu zote mbili. Angalau walipima mtu mmoja mmoja, na Warusi wengine waliruhusiwa kuendelea kucheza chini ya bendera ya FIDE.

## Kesi ngumu

21. Hana kosa mezani, ila nje huandika mambo ya chuki kwa jina lake.

Mezani ni mpole, nakubali. Lakini aliyeandikwa vibaya anajua, na kila wiki anatakiwa amkabidhi dadu. Kama maandishi yanalenga watu walio kwenye kundi, au aina ya watu walio kwenye kundi, lichukulieni kama limesemwa mezani. Kama ni msimamo tu ambao wengi hawaupendi, juu ya kodi, vita au mgombea, liacheni nje. Na msiende kuchimba maneno ya miaka kumi iliyopita, hakuna kundi linalopona likianza hivyo.

22. Mimi ni mhafidhina na ndiye ninayejiona nimetengwa.

Inatokea, na inastahili jibu la heshima kuliko kicheko. Kundi ambalo kila utani unamlenga muumini au mpiga kura wa upande mmoja limeweka kamba yake mlangoni. Ile kanuni ya "tubadilishe mada" katika swali la 10 ni yako pia, itumie. Haikupi haki ya kumchagulia mwenzako jina au kumwambia hapaswi kuwepo. Ikiwa hilo ndilo linalokukera, kundi halijakutenga kwa siasa zako.

23. Anayesusia mashindano si ndiye analeta siasa?

Aliyeileta ni aliyechagua mahali. Mwaka 2017 mcheza sataranji Anna Muzychuk wa Ukraine aliachia mataji yake mawili ya dunia kuliko kwenda kucheza Saudi Arabia kwa masharti waliyowekewa wanawake. Mwaka huo huo mwenzake Nazi Paikidze wa Marekani hakwenda Tehran, ambako hijabu ilikuwa lazima. Desemba 2022 Sara Khadem wa Iran alicheza mjini Almaty bila hijabu, na akaishia kuishi Hispania. Hakuna kati yao aliyesogeza kete vibaya.

Waandaaji nao wanaweza kususa. Machi 2015 Gen Con, maonyesho makubwa ya michezo huko Indianapolis, ilimwandikia gavana wa Indiana kwamba sheria mpya iliyohofiwa kuruhusu wafanyabiashara kuwabagua mashoga ingeathiri uamuzi wao wa kubaki jimboni. Siku chache baadaye, kwa shinikizo la wengi, sheria hiyo ilirekebishwa.

24. Aliyeondolewa anaomba kurudi.

Aulizwe anachodhani alikosea. Akieleza alivyomuumiza mwenzake, kuna la kuzungumza. Akieleza jinsi alivyoonewa, bado. Na aliyeumizwa asiombwe kutoa ruhusa, huo ni mzigo wa watu watatu wa swali la 18.

25. Wawili wanatuhumiana, na hakuna shahidi.

Msijifanye mahakama, hamna ushahidi wala mamlaka. Wawekeni meza tofauti kuanzia jioni hiyo, bila kutangaza nani ana kosa. Hakikisheni anayehama si yule yule kila mara, na kwamba hakuna anayepoteza hadithi aliyokuwa katikati yake: mwongozaji anaweza kumtoa mhusika kwa safari ndefu. Kisha wale watatu waandike walichoambiwa na kila mmoja, siku hiyo hiyo, kwa maneno ya msemaji. Mara nyingi hakuna kingine kinachotokea. Likitokea tena, kwa mtu mwingine, karatasi hiyo ndiyo mtakayoihitaji.